Somo: Kurudisha taimingi baada ya kung'oa distributa (22R na za aina yake)

Somo hili ni la taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) kwa injini za petroli ambazo distributa yake, yaani kigawa moto kwa plagi, inaendeshwa na gia. Mfano ni 22R ya Hilux: moto unakwenda 1-3-4-2, na silinda namba 1 ni ile ya mbele, upande wa feni.

Andaa ringi spana ya 12, soketi ya bolti ya puli (mara nyingi 19), spana ya plagi, chaki, taa ya taimingi na oringi mpya ya distributa. Oringi ya zamani ikirudishwa huwa imekauka, na oili itaanza kuvuja hapo hapo.

Kabla ya kung'oa. Toa waya wa negativu wa betri. Ondoa kepu (kifuniko cha distributa) bila kuchomoa waya za plagi, iweke pembeni. Sasa chora alama tatu. Ya kwanza ni ya bodi ya distributa dhidi ya injini. Ya pili ni pale ncha ya rota (kipande kinachozunguka chini ya kepu) inapoelekea kabla hujavuta. Ya tatu wengi huisahau: gia imekatwa kwa mshazari, kwa hiyo ukivuta distributa juu, rota inageuka kidogo yenyewe. Ikishatoka, weka alama pale ilipoishia. Wakati wa kurudisha utaanzia alama ya tatu, na ikizama rota itajizungusha yenyewe hadi ya pili. Ukianzia ya pili, utakuwa umeruka jino.

Baada ya hapo mtu yeyote asiguse stata. Kama injini haijazungushwa, kazi imebaki ndogo: paka oili kwenye oringi na gia, rudisha kwa alama zako, kisha nenda moja kwa moja kwenye taa.

Kama injini imeshazungushwa, au alama hazikuwekwa. Toa plagi namba 1, ziba tundu kwa kidole gumba, zungusha kranki kwa soketi kuelekea inakozungukia ikiwa inawaka. Upepo ukianza kusukuma kidole, pistoni inapanda kwenye kompresheni. Endelea taratibu. Usisimame kwenye 0 ya alama za puli, simama kwenye nyuzi zilizoandikwa kwenye stika ya chini ya boneti, ili injini iwake ikiwa karibu na sahihi. Ukipitiliza alama, rudi nyuma robo mzunguko kisha uje tena kwa mbele. Ukirudi kidogo tu, ulegevu wa cheni utakudanganya.

Kidole gumba ni lazima kwa sababu kranki inazunguka mara 2 kamshafti ikizunguka mara 1. Alama ya puli itakuja juu mara mbili, moja kwenye kompresheni na nyingine kwenye ekzosi. Kama kava ya valvu iko wazi, angalia roka: topu (pistoni ikiwa juu kabisa) ya namba 1 kwenye kompresheni ni pale roka zake zote mbili zinapokuwa na nafasi, huku valvu za namba 4 zikiwa zinapokezana, moja inafunga na nyingine inafungua.

Sasa zamisha distributa ili rota iishie kwenye mguu wa kepu wa waya namba 1. Kwenye distributa ya elektroniki, jino la rota ndogo ya ndani litazamane na pikapu (kihisio cha ndani ya distributa). Nafasi kati yake ni milimita 0.2 hadi 0.4. Kwenye distributa ya pointi (vyuma viwili vinavyogusana na kuachana), pointi ziwe ndiyo kwanza zinaanza kuachana.

Isipozama hadi chini, usigonge kwa nyundo. Kuna injini ambazo shafti ya distributa ndiyo inayozungusha pampu ya oili, na mfereji wa pampu unakuwa haujakutana nayo. Geuza mfereji kwa bisibisi ndefu, jaribu tena.

Taa. Rudisha ulivyotoa (plagi, kepu, waya wa betri), kisha washa injini ipate moto wa kawaida. Chomoa mpira wa vakyumu, uzibe. Silensa (kasi ya injini bila kukanyaga mafuta) iwe chini ya rpm 900, la sivyo vyuma vya uzito vya ndani vitaanza kusogeza taimingi na utasoma namba ya uongo. Bana klipu kwenye waya namba 1, mulika puli. Kugeuza bodi kinyume na rota inakozungukia kunawahisha moto. Kufuata rota kunauchelewesha. Geuza kidogo sana, maana distributa inazunguka nusu ya kasi ya kranki: ukisogeza bodi nyuzi 1, taimingi inasogea 2. Kaza bolti, mulika tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huihamisha. Rudisha mpira, kanyaga mafuta: alama ikibaki palepale, vyuma vya uzito vimekwama.

Kuseti kwa sikio hakufai, na kwa Arusha hakufai zaidi. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Injini inavumilia moto wa mapema bila kugonga, kwa hiyo fundi anaongeza hadi isikike tamu. Gari hiyo hiyo ikishuka Dar na mzigo inagonga, na pistoni ndizo zinazoumia.

MASWALI

*Fundi, niko Pasua, Moshi. Nimerudisha kila kitu, nikipiga stata inatema moto kwenye kabureta na haiwaki.*

Mkuu, ama uko kwenye topu ya ekzosi, ama waya za kepu zimepishana. Rudia kidole gumba. Rota ikielekea mguu wa namba 4 wakati namba 1 iko kwenye kompresheni, ng'oa uigeuze nusu mzunguko. Ikiwa sawa, panga waya 1-3-4-2 kufuata rota inakozungukia, siyo unakodhani wewe.

*Inawaka vizuri, ila ili nipate nyuzi sahihi bodi imefika mwisho wa tundu la bolti.*

Umeruka jino moja. Ng'oa, sogeza rota jino moja upande wa pili, rudisha.

*Mimi nina Corolla ya 5A-FE, distributa haina gia. Nikigeuza, alama haitulii.*

Kompyuta inakurekebishia huku unaseti. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha majaribio chini ya boneti, weka nyuzi 10 kabla ya topu, kisha toa waya. Hiyo ina ulimi badala ya gia. Kata ya ulimi ilingane na mstari wa bodi kabla ya kuingiza.

*Kaka, sina taa. Njia nyingine?*

Kama ni ya pointi ipo. Balbu ya volti 12, waya mmoja kwenye negativu ya koili, mwingine kwenye bodi ya gari. Kranki ikiwa kwenye nyuzi za stika, fungua swichi, geuza distributa kufuata rota hadi balbu izime, kisha kinyume taratibu. Inapowaka tu, kaza hapo. Ya elektroniki azima taa.

*Nimetumia taa, namba ni ya stika, lakini kupanda Kibosho haina nguvu na inachemsha.*

Dalili hizo ni za moto kuchelewa. Puli zenye mpira katikati huteleza, alama ikahama. Toa plagi namba 1, ingiza kijiti cha plastiki kirefu (siyo bisibisi, inaweza kubanwa), zungusha kwa mkono. Chora puli kijiti kinapofika kimo fulani kikipanda, na tena kwenye kimo hicho hicho kikishuka. Katikati ya michoro hiyo ndiyo topu halisi. Ikitofautiana na alama ya kiwandani, puli ndiyo ya kubadilisha.