Kutoka Pwani hadi kiti cha rubani: leseni moja baada ya nyingine

Vijana wa Lamu na Malindi wanaotaka kurusha ndege za abiria huniuliza kwanza jina la shule. Shule hushika nafasi ya pili. Nitaeleza mpangilio ninaowapa wadogo zangu wenyewe, nikiwa rubani ninayetua Malindi na Manda, kiwanja cha ndege cha Lamu, kwa kazi, na ninayeona jinsi pesa za wazazi zinavyoteketea mpangilio ukikosewa.

Hatua ya 1: Daktari kabla ya karo

Usilipe hata ada ya usajili kabla hujapimwa afya ya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Leseni ya kwanza inakubali cheti cha daraja la pili, na kwa hiyo wengi huanzia hapo. Mimi napinga sana. Kazi ya kulipwa inadai daraja la kwanza, na ni uchungu mkubwa kuambiwa hufai wakati shamba la minazi limeshauzwa.

Utapimwa macho, masikio, moyo na mengineyo. Miwani haikuzuii, mradi ukiivaa unaona inavyotakiwa. Kinachowashtua wengi ni kipimo cha rangi. Kando ya njia ya kurukia huwa na taa nne zinazokuonyesha mteremko wa kushukia: mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa, zote nyekundu, uko chini mno. Redio ikikatika, mnara hukuongoza kwa taa ya kijani au nyekundu. Asiyetofautisha rangi hizo hawezi kupewa abiria.

Hatua ya 2: PPL

Hii ni leseni ya rubani binafsi. Unaanza na leseni ya mwanafunzi, kisha ukitimiza miaka 17 na saa 40 za kuruka unaweza kufanya mtihani wa angani. Ndani ya hizo, saa 10 huwa uko peke yako ndani ya ndege. Darasani utasoma sheria za anga, hali ya hewa, urambazaji, mawasiliano ya redio na namna ndege inavyopaa. Hisabati na fizikia za sekondari zitakubeba. Kiingereza cha redio nacho hupimwa, na unatakiwa kufikia angalau daraja la 4 kati ya 6.

PPL haikuruhusu kulipwa. Lakini ndiyo kipimo cha kweli cha kama kazi hii ni yako, kwa hiyo wazazi, nawaomba: lipeni leseni kwa leseni, msitoe pesa zote kwa mkupuo. Gharama hadi mwisho ni mamilioni ya shilingi, na mtoto akigundua hapa kwamba anga si yake, sehemu kubwa ya mali bado iko mikononi mwenu.

Hatua ya 3: CPL

Leseni ya rubani wa biashara inataka miaka 18 na saa 200, au 150 ukisoma kozi moja iliyoidhinishwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Shule nyingi ziko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwa hiyo hesabu kodi ya nyumba na chakula pamoja na karo.

Katika saa hizo kuna safari moja ndefu ya kilomita 540 au zaidi, ukiwa wewe ndiye rubani, na utue kabisa katika viwanja viwili tofauti. Wilson hadi Malindi, kisha Manda, inatosha, na kwa mtoto wa Pwani sioni njia bora zaidi. Wilson iko juu ya futi 5,000, hewa ni nyepesi na ndege ndogo hupaa kwa shida mchana wa jua kali. Ukifika Malindi, karibu na usawa wa bahari, injini ile ile ina nguvu zaidi. Kutoka hapo unafuata ufuo kuelekea kaskazini mashariki: wakati wa kusi upepo unakusukuma, wakati wa kaskazi unakupiga usoni na mafuta yanaliwa zaidi. Manahodha wa majahazi wamejua hesabu hiyo miaka mingi. Wewe utaiandika kwenye karatasi kabla ya kuwasha injini.

Hatua ya 4: Vibali vya juu ya leseni

CPL tupu haikufikishi mbali. Ongeza kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani ndani ya mawingu bila kuona nje, kinachodai saa 40 za mazoezi ya vyombo, na kibali cha ndege za injini zaidi ya moja. Ndege kubwa kama Dash 8 zina mafunzo yake ya aina hiyo tu ya ndege.

Hatua ya 5: Kujaza saa

Hapa ndipo wengi hukwama, na shule huligusia juu juu. Leseni ya juu kabisa, ATPL, inataka miaka 21 na saa 1,500. Lakini hiyo ni ya kapteni. Rubani msaidizi wa shirika la ndege anaweza kukaa kiti cha kulia akiwa na CPL na vibali vyake, kisha akazijaza saa zake kazini. Njia nyingine ni kusomea ualimu wa urubani, au kuanza na ndege ndogo kama Cessna Caravan, hizi zinazoleta wageni Manda.

Tangu siku ya kwanza, tenganisha vizuri safu za kitabu chako cha kuandikia saa za kuruka. ATPL hudai, ndani ya zile 1,500, saa 100 za usiku na 75 za vyombo. Andika kila safari siku hiyo hiyo, mwalimu asaini, na uweke nakala nyumbani kwenu.