Kulea Miche ya Mboga Palipo na Kivuli

Mche unaorefuka upesi kivulini haustawi, bali unatafuta mwanga. Mkulima wa uani Dar es Salaam, ambaye ua wake umebanwa na kuta za majirani na muembe, anapaswa kuijua tofauti hiyo kabla hajamwaga mbegu za nyanya au pilipili.

Kivuli cha majani si sawa na cha ukuta. Majani ya muembe hufyonza nuru nyekundu ili kutengeneza chakula, lakini huipitisha nuru nyekundu ya mbali, ambayo macho yetu huiona kwa shida. Mche una kipokezi kiitwacho fitokromu, kinachopima uwiano wa nuru hizo mbili. Ile ya mbali inapozidi, mche hujua kwamba umefunikwa na mmea mwingine, ukaelekeza nguvu zake kwenye shina na kuipunja mizizi. Niliwahi kujivunia miche mirefu ya namna hiyo, mpaka mvua ya kwanza ya masika ilipoilaza yote.

Kwa hiyo kitalu kiwekwe nje ya mwavuli wa mti, chini ya kichanja kilichoezekwa makuti machache yanayopenyeza mwanga, kwa kuwa kazi yake ni kupunguza ukali wa jua la saa sita tu. Nyasi zilizotandazwa juu ya mbegu ziondolewe mara miche inapochomoza. Miche iliyosongamana nayo ipunguzwe, kwani hutiliana kivuli, na unyevu unaotuama kati yake hukaribisha kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche mchanga.

Jua nalo huhama. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo mwezi Juni jua la mchana huegemea kaskazini na kivuli cha ukuta huangukia kusini; mwezi Desemba huwa kinyume chake. Mchicha, kwa maoni yangu, usioteshwe kivulini kabisa.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha miche, punguza makuti na maji kidogo kidogo, ukianza na jua la asubuhi, kwa sababu majani yaliyokulia kivulini ni membamba na huungua yakianikwa ghafla. Mche wa nyanya uliokwisha kurefuka usitupwe: ufukie shina hadi karibu na majani ya chini, nalo litaota mizizi.