Gari Linachemsha Foleni, Barabara Kuu Linapoa

Gari linalochemsha jioni kwenye foleni ya watumishi wanaorudi mjini Dodoma kutoka Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, kisha mshale wa joto ukashuka wenyewe mara tu njia inapofunguka, limekwisha kumwonyesha mwenyewe ugonjwa ulipo. Gari likiwa mwendoni, upepo wa barabarani hupita kwenye rejeta, chombo cha kupoza maji ya injini, bila msaada. Likisimama, kazi yote hubaki kwa feni. Kwa hiyo uchunguzi uanzie kwenye feni na njia ya hewa. Gari linalotulia mjini lakini likachemsha linapopanda mlima wa Nyang'oro kuelekea Iringa ni suala jingine, kwa kawaida la rejeta iliyoziba kwa ndani au maji yasiyozunguka vizuri.

Mshale ukianza kupanda, au taa nyekundu ikiwaka kwa yale magari madogo ya Kijapani yasiyo na mshale, zima kiyoyozi, fungua vioo, kisha washa hita hadi mwisho. Mwezi wa Novemba jambo hilo ni adhabu, lakini hita ni rejeta ndogo inayoondoa sehemu ya joto la injini. Joto lisiposhuka, egesha na uzime. Mfuniko wa rejeta usiguswe kwa muda usiopungua nusu saa, kwa kuwa maji yaliyo chini yake yana mgandamizo na yatakurukia usoni, wala usimwagie injini ya moto maji baridi, kwani silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, inaweza kupasuka au kupinda.

Injini ikishapoa kabisa, hakikisha kwanza kwamba maji yamejaa, kisha iwashe na uiache ikiunguruma mahali palipo wazi. Weka mikono na nguo mbali na feni, ambayo katika magari mengi huweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Washa kiyoyozi: katika magari mengi ya feni ya umeme, feni huanza papo hapo au baada ya muda mfupi. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini isizunguke joto linapopanda, shuku sensa ya joto au nyaya zake. Isipozunguka kabisa, angalia fyuzi, kisha badilisha rilei yake (swichi ndogo ya umeme) kwa muda na nyingine ya aina ileile iliyomo kwenye kisanduku hichohicho, kwa mfano ya honi kama zinafanana. Hatua ya mwisho ni kuipa mota umeme wa betri moja kwa moja. Ikikaa kimya, mota imekufa. Gari lenye feni ya klachi inayozungushwa na mkanda hupimwa kwa namna nyingine: injini ikiwa imezimwa na ingali na joto, feni isukumwe kwa mkono, na ikizunguka kirahisi mizunguko mingi, klachi imechoka.

Iko pia feni inayozunguka lakini haina nguvu, na hii ndiyo huwapotosha mafundi wengi. Weka karatasi moja mbele ya grili feni ikiwa kazini. Karatasi inapaswa kunaswa na kubaki pale. Ikidondoka, mota imedhoofika, au feni inazunguka kinyume baada ya waya kuunganishwa vibaya, au hewa haina pa kupita.

Sababu hiyo ya tatu ndiyo ninayoiwekea mkazo hapa Dodoma. Gari langu lilichemsha kwa wiki mbili, na fundi wa kwanza aliondoa thamostati, vali inayofungua njia ya maji injini ikipata joto, na kunihakikishia kwamba amemaliza kazi. Rejeta ilionekana safi kwa mbele, kwa sababu tulichokuwa tukikitazama kilikuwa kondensa ya kiyoyozi, inayokaa mbele ya rejeta. Tulipolegeza nati za juu na kuitenganisha na rejeta kwa upana wa vidole viwili, tulikuta blanketi la vumbi jekundu lililogandamana na mabawa ya kumbikumbi, likiwa limefunika karibu nusu ya rejeta. Lisafishwe kwa maji ya mpira wa kawaida, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda mbele. Bomba la presha la kuoshea magari likisogezwa karibu hulaza mapezi ya rejeta, yaani vibati vyake vyembamba, na mapezi yaliyolala huzuia hewa kama vumbi lenyewe.

Mfuniko wa rejeta ni kitu cha bei ndogo ambacho watu hukidharau. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria iliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9, ambayo ni kipimo cha mgandamizo, huongeza kiwango hicho kwa takribani nyuzi 20. Mpira wake ukichakaa au springi ikilegea, faida hiyo hupotea na maji huanza kutokota mapema. Nunua wenye namba ileile ya ule wa zamani.

Maji ya visima vya kwetu yana chumvi, nayo huacha magamba ndani ya rejeta kama yale yaonekanayo kwenye birika. Tumia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, na ikiwa ni ya kuchanganya, ichanganywe nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke. Thamostati irudishwe mahali pake, lakini kwanza ijaribu: itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto, na kama haijafunguka maji yakikaribia kuchemka, nunua mpya.

Endapo feni, njia ya hewa na mfuniko ni vizima, na bado maji yanapungua bila kuvuja popote, tazama mambo mawili: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, ambayo mfuniko wake umefunguliwa kabla injini ya baridi haijawashwa, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia oili. Ukiona mojawapo, yaelekea gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Usiliendeshe tena, livutwe hadi gereji.