Jiwe la Kushoto, Stenti ya Kulia: Kuweka Modifaya kwenye Madai ya Urolojia

Kwa makoda wapya wa madai ya bima Marekani, modifaya (alama mbili za herufi au namba zinazoongezwa mwishoni mwa msimbo wa huduma kutoa maelezo zaidi) ndipo pesa halali ya daktari hupotea, au pesa isiyo halali huombwa. Tuchukue upasuaji wa mawe kwenye ureta, mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu.

Hatua ya 1. Soma ripoti ya upasuaji kwanza. Yetu inasema: ureta ya kushoto, jiwe limevunjwa kwa leza na stenti (kijimrija cha kuiweka ureta wazi) imewekwa; ureta ya kulia, stenti tu. Gawa karatasi mara mbili, kushoto na kulia, uandike kilichofanyika kila upande. Mimi hufanya hivyo mpaka leo.

Hatua ya 2. Chagua misimbo, yaani namba zinazotaja kila huduma. Kuvunja jiwe pamoja na kuweka stenti ni 52356. Stenti peke yake ni 52332. Sistoskopi ya uchunguzi (kutazama kibofu kwa kamera), 52000, iache: kamera haifiki uretani bila kupita kibofuni, kwa hiyo imeshahesabiwa.

Hatua ya 3. Tafuta jozi ya 52356 na 52332 kwenye majedwali ya NCCI, yanayoonyesha misimbo isiyodaiwa pamoja, ambayo CMS, shirika la serikali linalosimamia bima ya Medicare, huyabadilisha kila robo mwaka. Kiashiria 0 maana yake hakuna modifaya itakayoitenganisha. Kiashiria 1 kinaruhusu modifaya, na jozi yetu ina 1.

Tulia hapa. Namba 1 haisemi utalipwa mara mbili. Kama jiwe na stenti viko upande mmoja, futa 52332, maana 52356 inabeba stenti ndani yake. Kupachika modifaya 59, inayosema huduma mbili ni tofauti, ili tu dai lipite ni kudai malipo ya kazi iliyokwishalipwa, na mkaguzi akiitisha ripoti, kliniki itazirudisha pesa hizo.

Hatua ya 4. Pande zikitofautiana, andika:

52356-LT
52332-RT

LT ni kushoto, RT ni kulia, na NCCI inazitambua. Modifaya 59 ni ya pale ambapo hakuna iliyo mahususi zaidi. Zipo bima binafsi zinazotaka pia 59, au XS ya kiungo tofauti iliyoanza 2015. Soma masharti yao kabla ya kutuma.

Hatua ya 5. Ripoti isipotaja upande, usikisie. Niliwahi kupokea moja iliyoandikwa "stenti imewekwa", basi. Nililizuia dai, nikamwomba daktari aongeze maelezo yenye tarehe na saini yake, kisha nikalituma.