Kumchagulia mbwa kola ya mlio kwa pori la miombo

Juzi jirani yangu wa zamani, siku hizi yuko Kaliua, huku mkoani Tabora, alinipigia simu akitaka nimwelekeze kununua kola ya mlio, yaani mkanda wa shingoni wenye kisanduku kinacholia, kwa ajili ya mbwa wake anayetafuta ng'ombe waliopotea. Tuliongea hadi salio lake likaisha. Wafugaji wa Uyui na Sikonge nao wameshaniuliza swali hilohilo, kwa hiyo naliandika mara moja.

Kola hizi zilitengenezwa kwa ajili ya wawindaji wa ndege wa Marekani na Ulaya. Mbwa wao akinusa kwale hamkurupui. Husimama tuli, pua imeelekea alipo ndege, akimsubiri bwana wake. Kengele ya kawaida hunyamaza mbwa akisimama, na hapo ndipo unapotaka kujua alipo. Kola ya mlio inatibu kasoro hiyo: mbwa akikimbia inalia mara moja kila baada ya sekunde chache, akisimama inabadilika na kulia harakaharaka. Sisi shida yetu ni ileile. Ng'ombe akizalia porini humficha ndama kwenye majani, na mbwa aliyefunzwa akimkuta hukaa naye palepale. Kengele imenyamaza, mbele yako kuna miti tu.

Kama unaitaka kwa kuwinda kanga na kwale, anzia ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na suala la kutumia mbwa ulizia hapohapo, upewe jibu la maandishi kabla hujatoa hela yako.

Hatua ya kwanza, jiulize kama unaihitaji. Mwezi wa tisa, majani yamepukutika na nyasi zimeungua, kengele ya mhunzi inatosha. Kola hii ni ya masika, nyasi zinapofika kifuani.

Hatua ya pili, chagua aina. Kuna inayolia yenyewe tu, kuna yenye rimoti, na kuna ya GPS, inayokuonyesha alipo mbwa kwa satelaiti. Mimi nasema nunua inayolia yenyewe. Ya GPS inayotegemea laini ya simu itakuangusha ukiingia ndani ya msitu, mtandao hakuna. Ile ya GPS inayotumia redio, pamoja na zile za rimoti, hurusha mawimbi, na masafa yanayoruhusiwa Marekani si lazima yawe yanaruhusiwa hapa, kwa hiyo waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuagiza. Inayolia tu hairushi kitu, inapiga kelele basi. Zipo pia zenye kumpiga mbwa shoti ya umeme. Hizo sitaki hata kuziona. Mbwa anayekaa na ndama usiku kucha hakufundishwa kwa shoti.

Hatua ya tatu, sikiliza mlio. Tafuta yenye milio zaidi ya mmoja, uchague ule mzito. Mlio mwembamba humezwa haraka na majani, na sisi tuliovuka miaka 50 ndio wa kwanza kutupotea masikioni. Usiamini umbali ulioandikwa kwenye boksi. Mpe mtu kola aingie nayo porini mwezi wa pili, wewe hesabu hatua mpaka usiposikia. Nyingine zina sauti ya mwewe, ambayo kule kwao hutumika ili ndege aogope kuruka. Nilipoijaribu uani kuku wote walikimbilia chini ya ghala, na mbuzi wakakata kamba moja. Kwetu haina kazi.

Hatua ya nne, maji, uzito na betri. Tafuta iliyoandikwa IPX7, maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Mbwa wetu wanavuka mbuga na majaruba, chini ya hapo itakufa. Mbwa wangu ana kilo 16, kwa hiyo kola iliyotengenezwa kwa mbwa wa kilo 30 inamvuta shingo. Chukua ya kuchaji kwa waya wa USB, siyo ya betri za dukani ambazo utazitafuta Tabora mjini siku nzima. Rangi iwe ya chungwa.

Hatua ya tano, mzoeshe. Siku tatu avae ikiwa imezimwa, kisha uiwashe wakati wa kula.

Hatua ya sita ndiyo iliyonigharimu: kuseti na kuvalisha.

Kola nyingi zina mitindo miwili. Mmoja inalia mbwa akikimbia na akisimama. Mwingine inanyamaza akikimbia, inalia akisimama tu. Mimi niliuchagua huo wa pili ili kulinda betri. Mpwa wangu alikuwa amepoteza mtamba aliyekaribia kuzaa, tukaingia porini saa tisa alasiri. Mbwa akapotea kwenye nyasi. Kimya. Tukajua bado anakimbia, tukamfuata kwa kubahatisha mpaka mto wa msimu, tukarudi, tukazunguka upande wa pili. Jua linazama, mpwa akanishika mkono: “Mjomba, mbona kama anahema hapa?” Mbwa alikuwa amelala chini ya mninga, hatua kama 200 kutoka tulipoanzia, ndama ana unyevu bado, ulimi wa mbwa nje. Kola ilikuwa imelegea, kisanduku kimezunguka mpaka chini ya taya, na kila alipohema kilirukaruka. Kifaa cha ndani kinachopima mtikisiko kilidhani mbwa anakimbia, kwa hiyo kikanyamaza saa tatu nzima.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Mtindo ni ule wa kulia muda wote, betri iishe ikitaka. Mkanda ukaze mpaka vidole viwili vipite kwa shida, na upime mbwa akiwa amesimama, kwa sababu akikaa shingo hujaa. Pima tena baada ya nusu saa ya kutembea, manyoya yakishalala mkanda hulegea. Ukilowa pia hulegea ukiwa wa nailoni. Ila usikaze ukapitiliza, mbwa anayehema kwenye joto la Tabora anahitaji koo lake. Tundu la sauti liangalie nyuma au nje, kamwe lisiangalie sikio, kwani masikio ya mbwa ni makali kuliko yetu.

Halafu mjaribu nyumbani. Mkimbize, kisha mshikilie atulie huku akihema kweli, siyo mbwa aliyepumzika kivulini. Mlio ukikataa kubadilika ndani ya sekunde kama 10, kaza au geuza kisanduku, rudia. Usitoke nyumbani kabla haujabadilika mara tatu mfululizo.

Mkirudi jioni mvue. Osha mkanda kwa maji ya kawaida, pitisha vidole shingoni utoe kupe, na ukikuta manyoya yamenyonyoka au ngozi imekuwa nyekundu, apumzike bila kola mpaka pakauke.