Somo: Kumpata mtaalamu wa afya ya akili Lamu, mahali ambapo kila mtu ni jamaa

Assalamu alaykum. Mwezi huu pekee nimeulizwa swali hili mara saba. Miongoni mwa walioniuliza ni shoga zangu wawili, kijana wa mashua, na mama mmoja aliyenishika mkono sokoni akaninong'oneza. Wote huanza vilevile: "Nisaidie, lakini usimwambie mtu." Nimeamua kuyaandika yote hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamtumia somo hili. Mimi si daktari. Ni mwanamke wa mtaa wa Langoni, Lamu, niliyeugua unyogovu baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, nikahangaika miaka miwili kabla ya kumpata mtu wa kunisikiliza.

Kama hivi sasa unawaza kujiua, acha kusoma hatua. Piga 1199, ya Msalaba Mwekundu, haikati salio. Au nenda hospitali usiku huuhuu na mtu unayemwamini. Usibaki peke yako.

Hatua ya 1. Andika yanayokusibu: usingizi, chakula, kilio, hasira, na yameanza lini. Mistari kumi yatosha.

Hatua ya 2. Jua unamtafuta nani. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili hupima na kuandika dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha hutibu kwa mazungumzo, dawa hawaandiki. Kuna pia wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea afya ya akili, na huku kwetu hao ndio utakaowakuta kwanza. Usiwadharau. Aliyenitoa mimi shimoni alikuwa muuguzi.

Hatua ya 3. Anzia hospitali ya umma: King Fahd ukiwa kisiwani, Mpeketoni au Faza ukiwa pande hizo. Dirishani sema tu, "Namtaka mhudumu wa afya ya akili, yupo siku gani?" Karani hana haja ya kujua zaidi ya hayo. Beba kitambulisho, na uwe umejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, kabla ya kwenda.

Hatua ya 4. Hakikisha ana leseni. Madaktari wako chini ya baraza lao la KMPDC, na orodha yao inatafutika mtandaoni. Wauguzi na maafisa wa kliniki nao wana mabaraza yao. Washauri na wanasaikolojia wana bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Muulize namba yake ya usajili. Mwenye leseni hukutajia bila kununa.

Hatua ya 5. Muulize anajuana na nani, KABLA hujasema lako. Hapa ndipo nilipoangukia mimi, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Mshauri wangu wa kwanza nilimchagua kwa sababu alikuwa karibu na watu walimsifu kwa heshima zake. Sikumuuliza lolote. Kikao cha kwanza nikamwaga yote: mume, mama mkwe, na mawazo yaliyokuwa yakinijia usiku mtoto akilia. Alinisikiliza kwa upole kweli. Siku ya tisa wifi yangu alibisha hodi na sinia lililofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na bakuli la kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa marashi, maji yamegeuka manjano, na nyuzi mbili za zafarani bado zaelea juu. Akaniketisha msanani, yaani ukumbi wa ndani, akasema, "Kunywa, tumesikia una mambo ya usiku." Maneno hayo, "mambo ya usiku", nilikuwa nimeyatamka mara moja tu maishani mwangu, ndani ya chumba kile. Nikanywa. Na kombe sina ugomvi nalo. Lililonivunja ni kwamba siri yangu ilikuwa imeshapita nyumba tatu kabla ya kurudi kwangu. Baadaye nikajua kwamba mshauri na wifi yangu walikuwa kamati moja ya arusi. Miezi minane iliyofuata sikumwambia mtu neno, na hiyo ndiyo miezi iliyokuwa mibaya kuliko yote.

Sasa fanyeni hivi. Kwenye simu ya kwanza taja jina lako, mtaa na nyumba unayotoka, basi. Kisha uliza mambo matatu. La kwanza: "Kuna mtu wa nyumba yetu, au ya mume wangu, unayehusiana naye kwa damu, ndoa, kazi au kamati?" Akisema yupo, mwombe akuelekeze kwa mwenzake. Maadili ya kazi yao ndivyo yanavyotaka, wala hutakuwa umemvunjia heshima. La pili: "Unaandika nini, na faili linakaa wapi?" La tatu: "Ni mambo gani utalazimika kumwambia mtu mwingine?" Mtaalamu wa kweli atakwambia kwamba atasema maisha yakiwa hatarini, mtoto akidhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Akikujibu "mimi huwa sisemi kitu kabisa", muulize tena, maana hilo si jibu kamili.

Na msikubali mtu awaambie kwamba huku Lamu siri haina sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 nayo inampa mgonjwa haki ya kutunziwa siri. Mimi sikuyajua hayo wakati ule.

Angalizo: usimtume mtu akuulizie. Usiulize kwenye baraza za mtaani watu wanapozungumza, hata ukijifanya unamuulizia "rafiki". Na usimchague mtaalamu kwa sababu eti mama yako anamjua.

Hatua ya 6. Chagua mahali. Ukiona kisiwani hapafai, kuna Malindi na Mombasa, au simu. Ukitumia simu, ijaribu nyumba yako kwanza. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene, lakini kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wazi juu, na sauti hupanda ikaenda kwa jirani, hasa kama mmeungana kwa wikio, kile kivuko cha juu kati ya nyumba mbili. Mimi hukaa chumba cha ndani kabisa na kuziba mlango kwa kanga mbili. Siku za joto hutembea ufuo wa Shela maji yakitoka, nikiwa na spika za masikio. Upepo wa kule hauachi mtu kusikia.

Hatua ya 7. Nenda. Kikao ni kama dakika 45 hadi saa moja.

Hatua ya 8. Mpe vikao vitatu au vine. Kama bado unajificha mbele yake, badilisha. Ukiandikiwa dawa ya unyogovu, nyingi huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi, na usiziache ghafla bila kumwambia daktari.

MASWALI

Mtoto_wa_Gadeni: Naomba namba ya daktari mzuri.

Jibu: Hatua ya 3. Namba za watu siweki hapa.

Mtoto_wa_Gadeni: Lakini wewe si unaye wako, nipe huyo huyo.

Jibu: Aliyenifaa mimi huenda akawa jamaa yako. Soma hatua ya 5.

Kipepeo: Dada, mtaalamu niliyempata ni mwanamume. Mume wangu hana neno, lakini mimi kukaa chumba kimoja naye mlango umefungwa siwezi. Nimwache?

Jibu: Usimwache kwa hilo, mpenzi. Kwanza uliza kama kuna mhudumu mwanamke, mara nyingi yupo muuguzi. Kama hayupo, omba mlango uachwe wazi kidogo na mtu wako akae nje, umbali wa kuona bila kusikia. Mimi nilikwenda na binti ya khalati yangu mwenye miaka kumi na miwili, akakaa benchini na mkate wa mofa wake. Au ukae naye kwa simu, hapo hakuna khalwa, yaani kujitenga na mwanamume asiye maharimu chumbani. Mwambie mapema, kwa sababu ukiwa na wasiwasi wa mlango hutaweza kusema la moyoni. Umefanya vyema kuuliza.

Abu_Mkomani: Haya ni majini na kijicho. Wapelekeni watu kwa walimu wasomewe, mwaleta mambo ya wazungu.

Jibu: Mimi nimesomewa, na nimetibiwa. Hakuna kilichomzuia mwenzake. Ila yule mgonjwa asiyelala usiku wa tano akiongea peke yake, ukimfungia nyumbani kwa kisomo tu unamhatarishia maisha.

Mwalimu_wa_chuo: Naunga mkono, na nasomesha Kurani mwaka wa ishirini na sita. Mtume (SAW) ametuamrisha tujitibu. Na si mambo ya wazungu hata kidogo: Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 934, alikwisha kuandika juu ya maradhi ya nafsi pamoja na maradhi ya mwili, na namna ya kuyatibu kwa maneno. Akiletwa kijana kwangu humsomea, kisha humwambia babake ampeleke hospitali, na humsindikiza mwenyewe.

Jibu: Allah akulipe kheri, mwalimu. Wazazi wengi watakusikia wewe kuliko watakavyonisikia mimi.

Mama_wawili: Nami nipo kwenye dawa, Ramadhani nafanyaje?

Jibu: Swali zuri sana, na uliulize wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingi za mara moja kwa siku daktari anaweza kuzihamishia baada ya futari au wakati wa daku. Usizihamishe mwenyewe. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka, awe na hadhari zaidi: mwili ukikauka maji, dawa hiyo hupanda kwenye damu hadi ikadhuru, kwa hiyo huyo asifunge bila kupimwa damu na kuzungumza na daktari wake. Na ikiwa daktari amekukataza kufunga, mgonjwa ana ruhusa yake.

Mlinzi_wa_gati: Ndugu yangu yuko kwenye unga, yaani heroini. Hatua hizi zinamhusu?

Jibu: Zinamhusu, na kuna nyongeza. Malindi kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, kwenye hospitali ya umma. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo fikirieni mwanzoni atakaa kwa nani kule, maana kwenda na kurudi Lamu hakuwezekani. Usimpeleke kwa nguvu. Mwulize yeye anataka lipi kwanza. Wengi wao wana huzuni ya zamani chini ya unga, na huyo wa mazungumzo anahitajika pamoja na dawa. Nawe pia kaa na mtu, umebeba mzigo mkubwa.

Asiyetajwa: Mwaka juzi nilijaribu kujiua. Nikimwambia mhudumu nitakamatwa?

Jibu: Pole sana, na ahsante kwa kubaki nasi. Zamani kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilihesabu jaribio hilo kuwa kosa, mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Mwambie mhudumu waziwazi, asipojua hataweza kukulinda. Na leo je, mawazo hayo yapo? Kama yapo, piga 1199 sasa, kisha uniandikie kwa faragha unijulishe tu kwamba umepiga. Nipo macho.

Asiyetajwa: Leo hayapo. Shukran, bi. Nitamwambia.

Kijana_wa_simu: Nyongeza kwa wanaolipa: ujumbe wa M-Pesa huonyesha jina la uliyemtumia. Kama simu yako inashikwa na watu nyumbani, lipa taslimu.

Jibu: Hili sikuliwaza kabisa. Nimeshukuru. Wote lisomeni.

Kijana_wa_simu: Na ukimwekea kwenye simu jina la bandia, WhatsApp bado yaweza kutoa picha yake. Zima arifa.

Salama_T: Binti yangu ana miaka 14, hasemi, hali. Nimpeleke bila kumwambia?

Jibu: Usimdanganye. Mwambie, "Nimeona huli, nataka tukamwone mtu, nitakaa nje ukitaka." Yeye mwenyewe anaweza kupiga 116, ni ya watoto na haina malipo. Mhudumu atataka ridhaa yako kwa kuwa ni mdogo, lakini mwombe akae naye peke yake kwa sehemu ya kikao, na ukitoka humo usimhoji njiani.

Bahari_ya_Kizingitini: Nimepiga simu kama ulivyosema, nikauliza yale matatu. Alicheka kidogo la kwanza, akasema hana jamaa Kizingitini. Kanipa Jumanne saa tatu asubuhi. Nimwambie nini nikifika?

Jibu: Mashallah! Mpe ile karatasi yako ya mistari kumi aisome mwenyewe, usijilazimishe kuanza kwa mdomo. Lakini saa tatu, umetazama maji? Kama ni bamvua na Mkanda, ule mkondo wa bahari mnaopita, umekauka asubuhi, mtakwama mpaka maji yarudi.

Bahari_ya_Kizingitini: Lo. Jumanne asubuhi maji yametoka kweli.

Jibu: Mpigie leo, mwambie unatoka Kizingitini na unapita Mkanda, akusogeze hadi saa saba. Ni mtu wa huku, ataelewa. Ukishindwa, njoo Jumatatu jioni ulale kwa jamaa, na useme umekuja kununua nyavu.