Usifungue Biblia kama anayepiga ramli: nilivyosoma Maandiko baada ya kupoteza kazi

Siku ya tatu baada ya kupunguzwa kazi nilifanya jambo ambalo nakuomba usilifanye. Niliketi juu ya katoni iliyoandikwa VYOMBO, POLEPOLE, nikafumba macho, nikafungua Biblia popote ilipotaka kufunguka na kuweka kidole. Nilitaka Mungu aniambie kama nirudi nyumbani Machakos au nibaki Nairobi. Kidole kikaangukia 1 Mambo ya Nyakati, zile sura za mwanzo ambazo karibu zote ni majina: fulani akamzaa fulani, naye fulani akamzaa fulani. Nikafunga, nikajaribu tena. Mara ya pili nikapewa sheria za ukoma katika Walawi. Nilicheka peke yangu mle ndani mpaka kicheko kikageuka kilio.

Nilikuwa karani wa hesabu katika kiwanda kimoja pale Industrial Area kwa miaka 17. Barua tulipewa saa nane mchana, na kadi za geti tukaambiwa tuziache kwa askari tunapotoka. Mwezi uliofuata nikatoka nyumba ya vyumba viwili Donholm nikahamia bedsita Kayole, ambako kitanda, jiko na mtungi wa gesi vinasalimiana. Mwanangu wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza ameingia chuo. Mimi si mchungaji wala sijasomea theolojia. Nimesomea hesabu. Ninachoandika ni jinsi nilivyosoma Maandiko mwaka ule, na wapi nilikosea, kwa mtu ambaye maisha yamemgeuka na Biblia iko mkononi lakini hajui aishike wapi.

Kula kwanza, ulale

Anza na 1 Wafalme 19, kwa sababu ni fupi na haikudai kitu. Eliya amekimbia jangwani, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika anapokuja hamhubirii. Anamwekea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa, anakula mara ya pili. Safari ya siku 40 mpaka Horebu inakuja baada ya hapo, na ni kule pangoni ndipo anapoulizwa swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?"

Mimi wiki mbili za kwanza niliamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ambayo haikunihusu tena, kisha nikajilazimisha kusoma sura kumi nikiwa na tumbo tupu. Sikumbuki hata mstari mmoja. Soma mistari kumi, kunywa uji, lala. Sura kumi zitakungoja.

Chagua kitabu kimoja, ukae nacho

Biblia ni vitabu vingi, na ukiruka kutoka kimoja hadi kingine kama mtu anayetafuta stesheni ya redio utasikia mikwaruzo tu. Chagua kimoja kulingana na pale ulipo. Kama umefiwa, au umehama, au ndoa imekwisha, chukua Ruthu. Ni sura nne tu. Jogoo Road ikikwama utaimaliza kabla ya kufika mjini. Naomi anarudi Bethlehemu bila mume wala wana, anawaambia wanawake wa mji, "Msiniite Naomi, niiteni Mara," na hakuna anayemkemea kwamba amekosa imani. Kama hujui kesho mtakula nini, Kutoka 16. Kama kila mlango unaogonga umefungwa, Matendo 16, ambapo Paulo anazuiwa mara mbili njiani kabla ya yale maono ya usiku ya mtu wa Makedonia, na wala haelezwi sababu.

Kama una hasira, nenda Zaburi, lakini usianze na ya 23. Anza na ya 13. Ina mistari sita tu na inauliza "hata lini" mara nne. Mimi nilikwama kwenye ule wa pili: "Hata lini nifanye mashauri nafsini mwangu." Nani alimwambia Daudi kuhusu usiku wangu wa Kayole, kupiga hesabu ileile ya kodi ya nyumba mpaka jogoo wa keateka, mtunza ploti yetu, awike? Na ukiona hata hiyo ina matumaini mengi kuliko uliyo nayo, kuna ya 88. Inaanza kwa kulia na kuishia gizani, bila neno la kufariji mwishoni. Waliopanga Zaburi waliiacha humo ndani.

Soma barua yote

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo niliposaidika zaidi.

Unaujua Yeremia 29:11 hata kama hujawahi kuufungua. Umeuona nyuma ya matatu, kwenye kikombe, kwenye hali ya WhatsApp ya shangazi: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Nilitumiwa mstari huo na watu wanane juma lile la barua. Niliwashukuru wote, na moyoni nikauelewa hivi: miezi mitatu, halafu nitarudi Donholm. Kwa hiyo sikufungua katoni. Niliishi kama abiria katikati ya maboksi, sufuria moja nje, sahani mbili, pazia ikiwa ni shuka iliyopigiliwa misumari.

Halafu jioni moja nikasoma sura nzima. Ule mstari uko katikati ya barua ambayo Yeremia aliwatumia watu waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu kwenda Babeli. Mstari unaoutangulia, wa 10, unasema watakaa huko miaka sabini. Sabini! Aliyeipokea barua hiyo akiwa na umri wangu alikuwa anaambiwa atazikwa Babeli. Sasa rudi sura moja nyuma, ya 28, umwone Hanania, nabii aliyesimama hekaluni na kutangaza kwamba miaka miwili inatosha, kila kitu kitarudishwa. Ungekuwa wewe, ungempigia makofi nani?

Na kabla ya mawazo ya amani, barua inatoa maagizo ya kawaida kabisa, mstari wa 5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Kisha wa 7: "Kautakieni amani mji ule." Mji wenyewe ni ule wa waliowateka.

Nilifunga kitabu nikatazama zile katoni. Kesho yake nilizifungua zote. Nilinunua pazia la mtumba kwa shilingi 250 na kumlipa fundi apige reli. Bustani yangu ikawa mkebe wa rangi wa lita 20, niliotoboa chini kwa msumari wa moto na kuujaza udongo niliopewa na keateka, nikapanda dania. Sisemi mkebe wa dania ni muujiza. Nasema mstari wa 11 ulinifanya ningoje, na mstari wa 5 ukanifanya niishi, na vyote viko kwenye ukurasa mmoja. Kwa hiyo kila ukitumiwa mstari kwenye simu, ufungue mwenyewe, usome sura yake yote, na ikiwezekana ile iliyotangulia. Itakuchukua dakika kumi.

Barua hiyohiyo inaonya pia juu ya manabii wa uongo. Ningeisoma mapema ningeokoa shilingi 1,000. Kuna mtu, simtaji, aliyenipigia simu kwamba ameonyeshwa kufuli juu ya jina langu, nitume 3,000 kwa M-Pesa kama mbegu ya kulifungua. Nilituma elfu moja na kuomba anipe muda kwa iliyobaki. Ilikuwa unga wa wiki. Anayekuahidi miaka miwili huwa na namba ya kutumiwa pesa. Yeremia alikuwa na barua tu.

Daftari na penseli

Karani haachi mazoea. Nilitafuta kaunta buku nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto naandika kilichosemwa, kwa maneno yangu, si kunakili. Kulia naandika mimi leo. Nikuonyeshe ukurasa mmoja, wa siku nilizokuwa Kutoka 16:

Kushoto: *Waliokota mana kila asubuhi, kila mtu kadiri ya kula kwake. Waliobakiza mpaka asubuhi, ikaingia mabuu.*

Kulia: *Tokeni 100. Unga. Nauli ya mtoto. Deni la kibandani 340, nimelipa 150. Leo imetosha. Kesho sijui.*

Hakuna ufunuo hapo, unaona. Lakini nilipofikisha kurasa thelathini na kurudi nyuma, niliona maneno "leo imetosha" mara nyingi kuliko nilivyodhani. Kichwani nilikuwa nikijiambia tunakufa njaa. Daftari lilinikatalia.

Ndani ya Biblia yenyewe tumia penseli. Karatasi zake ni nyembamba na wino wa biro hutokea upande wa pili, ukaharibu Mithali kwa sababu ya Zaburi. Yangu ni ya mama, Union Version, ile tafsiri iliyotoka 1952, jalada limeshikwa kwa selotepu. Pembeni mwa Zaburi 13 mama aliandika kwa penseli: *Ago. 1982*. Baba alikuwa akifanya kazi hapa Nairobi wakati wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali, na kule kijijini hakukuwa na simu. Mama alikaa siku kadhaa bila kujua kama ana mume. Nilisoma zaburi hiyo mara ngapi tangu utotoni bila kuuona huo mwandiko! Ukirithi Biblia ya mtu, pitia kwanza pembeni mwa kurasa.

Kiswahili cha Union Version kikikulemea, weka Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi, kando yake, usome zote mbili. Na zaburi za kilio zisome kwa sauti katika lugha uliyobebwa nayo mgongoni. Mimi husoma kwa Kikamba. Kwa Kiswahili naelewa. Kwa Kikamba nalia, na wakati mwingine kulia ndiyo kazi ya siku hiyo.

Ukitaka kuamua jambo

"Neno lako ni taa ya miguu yangu." Nilidhani ni taa ya barabarani, ile ndefu ya kumulika mtaa mzima, mpaka stima ilipopotea kwenye ploti yetu na nikapanda ghorofa ya nne kwa tochi ya simu yenye chaji ya asilimia nne. Unaona ngazi moja. Ukiikanyaga, unaona inayofuata. Taa za zamani za udongo na mafuta hazikuwa na mwanga mkubwa kuliko huo.

Kwa hiyo usiiulize Biblia "Machakos au Nairobi?" Haina jibu hilo. Uliza watu waliomo walifanya nini siku waliyokuwa kama wewe. Ruthu, mkwe wa Naomi, hakujua kuhusu Boazi atakayemwoa wala kuhusu kitukuu wake, mfalme Daudi. Alijua wana njaa, na kwamba maskini waliruhusiwa kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Jioni alirudi na efa ya shayiri, karibu debe. Nikaandika kulia: *Masazo ya hesabu yako wapi?*

Yako soko la Mutindwa, jamani. Kuna wauzaji wa viatu vya mtumba na wenye vibanda vya kuku ambao hesabu zao ziko nyuma ya kalenda, na tarehe 30 Juni ya kujaza ritani za kodi ikikaribia wanashikwa na homa. Lakini kabla ya kwenda nilipeleka wazo kwa watu wawili, kama Mithali 15:22 inavyosema juu ya wingi wa washauri: mwenzangu mmoja wa zamani kazini, asiyejua kubembeleza, na mzee wa kanisa letu. Mzee aliuliza kama nimeomba. Mwenzangu aliuliza nitatoza ngapi. Maswali yote mawili yalihitajika. Mteja wa kwanza alinilipa 500 na jozi ya viatu ambavyo havinitoshi.

Na tafuta mtu wa kusoma naye, hata mmoja. Jirani yangu ni Mwislamu, mzaliwa wa Pumwani, na tulianza kuzungumza kwenye kamba ya nguo. Nilipomwambia yaliyonipata alinisomea kutoka Sura ya 94 ya Kurani, kwamba pamoja na dhiki kuna faraja. Akarudia. Nikadhani amesahau kwamba ameshasema. "La, dada yangu," akasema huku akikamua shuka, "imeandikwa mara mbili. Mara ya kwanza mtu husikia dhiki peke yake." Tangu hapo Alhamisi jioni hunywa chai kwangu, yeye na yake, mimi na yangu, na hakuna aliyemgeuza mwenzake.

Kuna siku utasoma na usisikie chochote. Andika tarehe, acha upande wa kulia wazi, uendelee na nguo zako. Zangu za namna hiyo ni nyingi, nyingine zinafuatana wiki nzima.

Juzi mwanangu alikuja kutoka chuo akauliza kama Mungu ameshaniambia: Machakos au Nairobi? Nikamwambia bado. Akachuma dania akatia kwenye mayai, nami nikarudi mezani, maana nina vitabu vya hesabu vya watu watatu vya kufunga kabla ya tarehe 30.